Dozi Ileile, Wiki Moja Pungufu: Kikao cha Sita Katika Tiba ya Saratani ya Koo

Mgonjwa wa saratani ya zoloto au koromeo anayetibiwa kwa mionzi ili apone hupewa jumla ya Grei 66 hadi 70 (Grei ni kipimo cha dozi ya mionzi). Hazipigwi kwa mkupuo. Hugawanywa kwenye vikao 33 hadi 35, Grei 2 kila kimoja, Jumatatu hadi Ijumaa, na Jumamosi na Jumapili mashine hupumzika. Kwa ratiba hiyo tiba huingia wiki ya saba. Mwaka 1992 kundi la watafiti wa Denmark liitwalo DAHANCA, likiongozwa na Jens Overgaard wa Aarhus, lilianza kupima jambo ambalo ukilisikia mara ya kwanza unaweza kulidharau: dozi ibaki ileile, idadi ya vikao ileile, mashine ileile, ila kwa wiki mgonjwa apate vikao sita badala ya vitano.

Ili kuelewa kwa nini walihangaika na siku moja, inabidi kurudi nyuma miaka minne. Mwaka 1988 Rodney Withers, Jeremy Taylor na Bogusław Maciejewski walikusanya matokeo ya wagonjwa karibu 500 wa saratani ya koromeo waliotibiwa kwa ratiba za urefu tofauti. Waligundua kwamba kadiri tiba ilivyorefuka, ndivyo dozi iliyohitajika kuua uvimbe ilivyopanda, lakini si tangu siku ya kwanza. Kwa takriban wiki nne za mwanzo urefu wa tiba haukuonekana kugharimu chochote. Baada ya hapo kila siku iliyoongezeka ilidai karibu Grei 0.6 za ziada, kwa ajili ya kufuta tu kilichoota upya. Seli za saratani zilizonusurika hufanya kama magugu yaliyofyekwa bila kung'olewa: zikipata nafasi, huchipua kwa kasi kuliko mwanzo.

Sasa piga hesabu. Vikao 34 kwa mwendo wa vitano kwa wiki huchukua siku 46 hivi. Kwa mwendo wa sita huchukua siku 39. Tofauti ni siku saba, na siku saba mara Grei 0.6 ni Grei 4.2, yaani zaidi ya vikao viwili kamili. Mgonjwa wa ratiba ya kawaida amelazwa mezani mara 34, lakini kwa hesabu hiyo vikao viwili vya mwisho vinalipa deni la Jumamosi na Jumapili zilizopita. Karatasi yake inasomeka Grei 68, ila uvimbe umeonja pungufu.

Hesabu hiyo ilitokana na kumbukumbu za zamani, na kumbukumbu za zamani zina mtego wake. Wagonjwa ambao tiba yao ilirefuka huenda walikuwa dhaifu zaidi tangu awali, au walikuwa na uvimbe mkubwa, au waliishiwa nguvu katikati. Ukiona wamefanya vibaya, huwezi kujua kama kilichowaangusha ni muda au ni hali waliyokuja nayo. Dawa ya mtego huo ni kura. Kati ya Januari 1992 na Desemba 1999 DAHANCA waliandikisha wagonjwa 1,485, na 1,476 waliokidhi vigezo wakapangwa kwa kura kwenye vikao vitano au sita kwa wiki. Matokeo ya wagonjwa hao yalichapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2003.

Ninachokisifu zaidi katika utafiti huu ni jinsi walivyojizuia. Wakati huohuo Uingereza kulikuwa na jaribio la CHART, lililotoa Grei 54 kwa siku 12 mfululizo, vikao vitatu kila siku, wikendi ikiwemo, na kuzilinganisha na Grei 66 za wiki sita na nusu. Kati ya wagonjwa 918, udhibiti wa uvimbe ulifanana pande zote mbili. Kisayansi hilo ni jambo zito, maana Grei 12 zilipunguzwa na uvimbe haukufaidika. Lakini pale vitu viwili vilibadilika pamoja, muda na dozi, na hospitali iliyotaka kuiga ililazimika kuajiri watu wa zamu za jioni na wikendi. DAHANCA walibadilisha kitu kimoja tu. Ukiona tofauti mwishoni, hakuna pa kuipeleka isipokuwa kwenye muda.

Kikao cha sita kilifanyika kwa njia mbili. Ama mgonjwa alikuja Jumamosi, ama siku moja ya kazi alipigwa mionzi mara mbili, asubuhi na alasiri, kwa sharti kwamba kati ya kikao na kikao zipite saa zisizopungua sita. Sharti hilo ndilo linalomlinda mgonjwa. Mionzi hukata vinasaba vya seli nzima na vya seli za saratani bila kubagua, na seli nzima zinahitaji saa kadhaa kuunga kilichokatika. Ukiwahi kupiga tena kabla ya ukarabati kukamilika, madhara hujilimbikiza kwenye uti wa mgongo, mifupa ya taya na misuli ya shingo, na madhara ya aina hiyo hujitokeza miezi au miaka baadaye yakiwa hayana marekebisho.

Tazama kinachotokea katika kikao kimoja, kwa kuwa ndipo gharama ya kikao cha sita inapoonekana. Kabla tiba haijaanza, bamba la plastiki lenye matundu madogo hulainishwa kwenye maji ya moto, likavutwa juu ya uso na shingo ya mgonjwa, na baada ya dakika chache likaganda likiwa na umbo la pua yake, kidevu chake na mabega yake. Hicho ndicho kinyago atakachovishwa kila siku. Mtaalamu wa mionzi hukibana mezani kwa vishikizo, hulinganisha alama zilizochorwa juu yake na mistari ya mwanga inayotoka ukutani, hutoka na kufunga mlango mzito. Kupiga mionzi kwenyewe ni suala la dakika chache. Kazi kubwa ni kumlaza mtu mahali palepale alipolala jana. Kwa hiyo Jumamosi haidai mashine mpya. Inadai wataalamu wa mionzi kwenye zamu, mwanafizikia wa kuhakiki dozi, na daktari aliye karibu.

Baada ya miaka mitano, uvimbe ulidhibitiwa pale ulipoanzia na shingoni kwa asilimia 70 ya waliopata vikao sita, dhidi ya asilimia 60 ya waliopata vitano. Jack Fowler na Mary Lindstrom walikuwa wamekadiria mwaka 1992, kwa kupitia tafiti mbalimbali, kwamba kurefusha tiba kwa wiki moja hupunguza udhibiti wa uvimbe kwa wastani wa asilimia 14, ingawa makadirio yalipishana sana kati ya utafiti na utafiti. Denmark, wiki moja ikapimwa kwa kura na ikaleta tofauti ya pointi 10. Ni nadra katika tiba ya saratani makisio yaliyotokana na kumbukumbu za wodini kukutana na matokeo ya jaribio kwa ukaribu huo.

Ukiingia ndani ya takwimu, faida yote iko kwenye uvimbe wa asili: asilimia 76 dhidi ya 64. Kwenye mitoki ya shingo hapakuwa na tofauti ya maana. Kwa wagonjwa wa saratani ya zoloto, waliobaki na sauti yao walikuwa asilimia 80 dhidi ya 68. Namba hiyo nadhani ingestahili kuandikwa juu kabisa ya ripoti. Saratani ikirudi kwenye zoloto, njia iliyobaki mara nyingi ni kuliondoa lote na kumwachia mgonjwa tundu la kupumulia shingoni. Mwalimu, muuza duka, mwadhini au mzazi anayembembeleza mtoto anajua uzito wa pointi hizo 12 bila kueleweshwa na mtu.

Upo upande ambao jaribio halikuzaa matunda. Vifo vilivyotokana na saratani yenyewe vilipungua, lakini uhai kwa ujumla haukurefuka kwa kiwango cha kuthibitika. Sababu mbili zinajitokeza. Baadhi ya waliorudiwa na ugonjwa waliokolewa kwa upasuaji, kwa hiyo walihesabiwa kuwa hai ingawa walipoteza zoloto. Na saratani hizi mara nyingi huambatana na tumbaku na pombe, ambazo huua pia kwa moyo, mapafu na ini. Kuponya shingo hakuponyi mapafu ya mvutaji. Msomaji makini ataongeza pia kwamba jaribio lilikuwa la wazi. Haiwezekani kumficha mgonjwa, wala daktari wake, kwamba anakuja Jumamosi. Kisha wote isipokuwa wenye saratani ya nyuzi za sauti walipewa nimorazoli, dawa inayosaidia mionzi kuua seli zenye upungufu wa oksijeni, na nje ya Denmark dawa hiyo haijaenea. Je, matokeo yangesimama bila nimorazoli, na katika hospitali zisizo na utajiri wa Denmark?

Swali hilo lilijibiwa na Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, IAEA. Kuanzia Januari 1999 hadi Machi 2004, vituo tisa vya Asia, Ulaya, Mashariki ya Kati, Afrika na Amerika Kusini viliandikisha wagonjwa 908 kwa mpango uleule: Grei 66 hadi 70, vikao vitano au sita kwa wiki, mionzi peke yake. Siku za tiba zilishuka kutoka 47 hadi 40. Udhibiti wa uvimbe kwa miaka mitano ulikuwa asilimia 42 dhidi ya 30. Kiwango ni cha chini kuliko cha Denmark kwa pande zote mbili, lakini pengo halikuyeyuka.

Maumivu nayo yaliongezeka, na lazima mgonjwa aambiwe kabla. Vidonda vya mdomoni vilivyoungana kuwa jeraha moja viliwapata wagonjwa 45 wa jaribio hilo upande wa vikao sita na 22 upande wa vitano. Ngozi ya shingo iliungua vibaya kwa 87 dhidi ya 50. Huo ni muda ambao uji hauendi na hata mate yanauma. Madhara ya kudumu, yale yanayojitokeza baada ya miaka, hayakutofautiana. Hapo ndipo busara ya kubakiza Grei 2 kwa kikao na saa sita za mapumziko inapojionyesha: utando wa mdomo hujali sana kasi ya tiba, wakati uti wa mgongo na mifupa hujali zaidi ukubwa wa kila kikao.

Kwa mgonjwa anayeweza kuvumilia dawa ya sisplatini pamoja na mionzi, hesabu hubadilika. Jaribio la RTOG 0129 la Marekani lilitoa dawa hiyo pande zote mbili, likaharakisha mionzi upande mmoja, na halikuona faida ya kuharakisha. Kwa hiyo kikao cha sita ni cha wale wanaotibiwa kwa mionzi peke yake: wazee, wenye figo dhaifu, na wengi wanaofika pale ambapo dawa haipatikani kila mzunguko.

Wagonjwa wa aina hiyo sisi wa Afrika Mashariki tunao. Mgonjwa anayetoka Kigoma kwenda Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, akimaliza wiki moja mapema anaokoa pia kodi ya chumba na nauli ya ndugu anayemuuguza. Upande wa pili wa sarafu tumeuona Uganda: mashine pekee ya kobalti ya nchi nzima, iliyokuwa katika hospitali ya Mulago, iliharibika mwaka 2016. Mgonjwa wa koo aliyekuwa amevuka wiki ya nne ya tiba siku ile alianza kupoteza kila siku ile Grei 0.6 ya Withers, akiwa hana pa kuifidia.

Chama cha Madaktari wa Mionzi cha Uingereza kimeweka saratani hizi katika kundi la kwanza: tiba isipitilize muda uliopangwa kwa zaidi ya siku mbili. Umeme ukikatika Jumatatu, kikao cha Jumatatu hakisukumwi mwisho wa foleni. Mgonjwa hupigwa mara mbili siku nyingine ya wiki hiyohiyo, saa sita katikati, au huitwa Jumamosi, ili tarehe ya kumaliza iliyoandikwa kwenye faili siku ya kwanza ibaki palepale.