Namna Xen Ilivyohifadhi na Kuhuisha Kompyuta Pepe

Aghalabu hudhaniwa kwamba kuhifadhi hali ya kompyuta pepe, ile inayoundwa kwa programu ndani ya kompyuta ya kweli, ni kunakili tu yaliyomo katika kumbukumbu yake pamoja na rejista za prosesa, na kwamba kuihuisha ni kuyarudisha yote yalikotoka. Lakini mtu akitazama jinsi wataalamu wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, walivyoifanya kazi hiyo katika Xen, programu waliyoitangaza mwaka wa 2003, atatambua kwamba pale pa kuyarudishia aghalabu huwa hapapo tena.

Kumbukumbu ya mashine za x86 hugawanywa kurasa za baiti 4,096, na Xen iliipa kila kompyuta pepe kurasa zilizotawanyika huku na huko, ilhali mfumo uliomo ndani yake ulizihesabu kwa nambari zinazofuatana tangu sifuri. Hata hivyo, kwa kutafuta wepesi, majedwali ya kurasa ya mfumo huo, yaani orodha zinazoionyesha prosesa kila ukurasa ulipo, yaliandikwa kwa nambari za kweli za kurasa hizo, ili prosesa iyasome pasipo mkalimani. Taabu ikazaliwa hapo: jedwali lililohifadhiwa na kurejeshwa vivyo hivyo lingeelekeza kwenye kurasa zilizokwisha kumilikiwa na mwingine. Basi wakati wa kuhifadhi, kila nambari ya kweli iliyomo jedwalini ilibadilishwa kwa ile ya mfuatano, na wakati wa kuhuisha, kurasa mpya zilipokwisha kutolewa, ikageuzwa tena kuwa nambari ya kweli, safari hii ya mahali papya.

Kwangu mimi, ustadi huo wastahiki sifa kuliko hata ule uliowapatia jina mwaka wa 2005, walipoungana na wenzao wa Copenhagen wakahamisha kompyuta pepe ingali ikifanya kazi, wakinakili duru baada ya duru kurasa zilizobadilika, hata seva ya mchezo wa Quake 3 ikasita kwa milisekunde 60 tu. Kwani uhamisho huo nao ulitegemea tafsiri ileile ya majedwali.

Diski haimo katika hesabu hii. Kumbukumbu iliyohuishwa huamini kwamba diski ingali kama ilivyoiacha, na ikiwa imeandikwa upya katikati, mafaili huharibika. Kwa hiyo, ewe msimamizi wa seva, hifadhi vyote viwili kwa wakati mmoja.