Nembo, Chapa na Mali: Istilahi za Fulana za Kuchapwa

Miongoni mwa maneno yanayotumiwa ovyo katika tafsiri za biashara siku hizi ni neno "nembo". Kila kilichochorwa au kuchapwa juu ya bidhaa, mfasiri hukiita nembo. Akichoka na nembo hugeukia "chapa". Katika kurasa hizi tunapenda kulichunguza jambo hili kwa kutumia bidhaa moja tu, fulana ya kuchapwa, kwa kuwa bidhaa hiyo imeenea kila mahali, na kwa kuwa wengi wa wanaoitengeneza ni watu wa mtaji mdogo, ambao neno lililokosewa huweza kuwatia hasarani.

Tumchukue kijana wa Naipingo, wilayani Nachingwea, au mwenziwe wa Ruangwa. Ana fremu za mbao zilizowambwa wavu mwembamba, ana makopo ya wino, na fulana nyeupe alizonunua kwa jumla. Kwa kawaida huchapa za watu: za msiba, za mahafali, za kampeni. Msimu wa korosho ukifika na fedha ikawamo mikononi mwa wakulima, huchapa na zake mwenyewe: picha aliyoibuni, maneno aliyoyachagua, na ndani ya ukosi jina dogo la karakana yake. Wafasiri humwita mtu huyu "mbunifu huru", kana kwamba juzi alikuwa kifungoni. Nchi hii imekuwa na neno kujitegemea katika siasa yake tangu Azimio la Arusha la mwaka 1967, na maana yake ndiyo hasa inayotakiwa hapa. Basi ni mchapaji wa kujitegemea. Ama "mstari wa mavazi", hatuoni haja ya kuujadili. Mswahili husema nguo za fulani, na msikilizaji huelewa.

Wala jina la vazi lenyewe halitutii mashakani. Fulana ni neno la siku nyingi, nalo limekwisha kuvuka kutoka kwenye vazi la ndani hadi vazi la kutokea. Ruangwa, ambako timu ya Namungo ilipanda Ligi Kuu mwaka 2019, kila mtoto hutofautisha fulana na jezi bila kufundishwa. Vijana wameongeza "fomu siksi" kwa fulana yenye kola; ni neno la mtaani, lakini lina uhai, na hatuoni sababu ya kulifukuza madukani.

Taabu yaanzia kwenye nembo. Ni ajabu kidogo kwamba neno hili linapotoshwa hata kusini, ambako maana yake ya awali ingalikumbukwa kwa urahisi. Nembo zilikuwa chale za usoni na mwilini, zile ambazo wazee wa Kimakonde na wa makabila jirani walitambulikana kwazo. Kutoka hapo neno lilipanuka likawa nembo ya taifa, nembo ya chama, nembo ya shule. Katika matumizi yote hayo nembo humtambulisha aliyeibeba: huyu ni wa ukoo huu, huyu ni wa chama hiki. Haisemi chochote kuhusu fundi aliyeichonga au aliyeichapa. Fulana ya kampeni yenye jembe na nyundo kifuani ina nembo, na nembo hiyo yamhusu mvaaji na chama chake. Jina dogo lililo ndani ya ukosi lamhusu mchapaji. Kuviita vyote viwili nembo ni kuchanganya aliyevaa na aliyetengeneza.

Mitumba yatupatia kipimo kizuri. Pietra Rivoli, katika kitabu chake The Travels of a T-Shirt in the Global Economy cha mwaka 2005, aliifuata safari ya fulana tangu mashamba ya pamba ya Texas, viwanda vya China, hadi soko la mitumba la Manzese, Dar es Salaam. Fulana ya shule fulani ya Marekani ikivaliwa na mchoma mkaa wa Nachingwea, mchoro ulio kifuani haumtambulishi tena mvaaji, umekuwa pambo. Lakini kitambaa kidogo kilichoshonwa shingoni chasema kweli ile ile iliyosemwa kiwandani. La kwanza lilikuwa nembo na limekoma kuwa nembo. La pili ni alama ya biashara, nayo haikubadilika kwa kuvuka bahari.

Mtu atauliza: je, lugha yetu ina desturi yoyote ya kupambanua mambo haya? Inayo, tena iko mabegani mwa mama zetu. Kanga ina pindo na mji, yaani mchoro. Ina maneno, ambayo wenyewe huyaita jina la kanga. Na nyingi zina maandishi madogo ya mwenye mali. Nyumba ya Kaderdina Hajee Essak ya Mombasa, iliyoanza biashara mwaka 1887, imejulikana pwani nzima kwa maneno "Mali ya Abdulla". Mnunuzi hachanganyi. Huikataa kanga kwa mchoro usiopendeza, huipenda kwa jina lenye kumpiga mtu kijembe, na huiamini kwa sababu ya mwenye mali. Mkenya Jeffrey Kimathi alipoanzisha Jamhuri Wear huko New York, fulana zake zilifuata mpango huo huo, ingawa jina la biashara lenyewe ni nusu Kiswahili nusu Kiingereza, jambo ambalo tungependa wafanyabiashara wetu wasiliige.

Sasa turudi kwa kijana wetu. Afisa akimwambia "kasajili nembo yako", aende wapi? Jina la karakana husajiliwa BRELA kama jina la biashara. Alama ya biashara nayo husajiliwa BRELA, lakini kwa sheria nyingine, ya mwaka 1986, na kwa ada nyingine. Usajili wake ni wa miaka saba, kisha huhuishwa kwa miaka kumi kumi. Picha aliyoichora ni kazi ya sanaa. Yalindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake, na haki hiyo huzaliwa pamoja na kazi yenyewe. Akisajili jina peke yake akidhani amemaliza, mwenziwe wa mjini aweza kuisajili alama inayofanana na yake. Na akiamini kwamba picha isiyosajiliwa haina ulinzi, ataiona ikiuzwa na wengine naye asidai chochote. Tangu sheria iliyofanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama mwaka 2021, maneno haya si ya darasani tu. Hakimu atayasoma kama yalivyoandikwa.

Rai yetu ni kwamba nembo ibakie kwa taifa, chama, shule na timu. Chapa iwe tendo la kuchapa na kile kilichochapwa. Sokoni itaendelea kutumika kwa bidhaa mashuhuri, nasi hatuna ugomvi na soko, ila isiingizwe katika fomu za serikali mahali pa alama ya biashara. Picha iitwe mchoro. Maneno ya kifuani tungependa kuyaita jina, kama ya kanga, lakini yatagongana na jina la biashara katika fomu hizo hizo. Kwa hiyo ofisini yaitwe msemo. Afisa akumbuke pia kwamba msemo mfupi kwa kawaida haulindwi na hakimiliki, hasa ukiwa methali ya watu wote.

Limebaki suala la Zanzibar, yenye sheria zake za alama na za hakimiliki. Alama iliyosajiliwa Bara hailindwi Visiwani hadi isajiliwe huko pia. Tungependa wafasiri wa pande zote mbili walinganishe fomu zao kabla hazijachapwa upya, ili mchapaji wa Naipingo anayepeleka fulana Darajani akute maneno yale yale aliyoyaacha Lindi.