Heshima kwa Wapimaji wa Msitu

Ukitoka Karatu kwenda kreta ya Ngorongoro, mashamba yanakoma karibu na lango la Loduare na Msitu wa Nyanda za Juu Kaskazini unaanza. Vijito vinavyoteremka kwenda Karatu vinatoka humu. Hifadhi ya Ngorongoro ilianzishwa mwaka 1959, na miti ya msitu huu haivunwi mbao. Msitu wa namna hii unafaa sana kwa kazi ninayoiheshimu mno: kupima miti, kuondoka, kisha kurudi baada ya miaka kuipima ileile.

Kipenyo hupimwa mita 1.3 kutoka ardhini. Kwenye mteremko, mpimaji husimama upande wa juu wa shina. Huondoa kuvu na majani yaliyonata kwenye gome, hupitisha tepu chini ya mitambaa, kisha huzunguka kuhakikisha haikulala upande. Hutaja namba kwa sauti. Karani huirudia kabla ya kuiandika daftarini. Mstari wa rangi huachwa palepale tepu ilipopita. Msumari wa kibati cha namba hupigiliwa mbali na mstari huo, kwa kuwa gome huvimba kuuzunguka, na mpimaji ajaye angedhani uvimbe ule ni ukuaji. Kichwa cha msumari huachwa nje, mti upate nafasi ya kunenepa.

Uangalifu wote huo una sababu. Miti mingi ya asili hunenepa milimita chache tu kwa mwaka. Tepu ikienda mshazari kidogo, ukuaji wa miaka kadhaa unapotea au unabuniwa.

Thamani ya daftari hilo huonekana pale msumeno unaporuhusiwa. Wilayani Kilwa, vijiji kama Kikole vinamiliki misitu yao chini ya Sheria ya Misitu ya mwaka 2002, na mwaka 2009 uvunaji wao wa mpingo ulipata cheti cha kimataifa cha usimamizi bora wa misitu (FSC). Huko huchaguliwa miti iliyofikia unene unaoruhusiwa, na mingine huachwa. Lakini kisiki hakisemi kama uchaguzi ulikuwa wa haki. Kinachosema ni idadi ya miche na miti michanga ya aina ileile, kasi ya kukua kwa ile iliyopata mwanga mpya, na kama miti mama ya mbegu bado imesimama. Jumla ya ujazo wa mbao inaweza kurudi huku mpingo ukipungua, kwa kuwa miti ya aina nyingine imejaza pengo.

Ndiyo maana kila aina ya msitu inahitaji pia ploti, yaani maeneo ya kupimia, zisizovunwa. Ngorongoro, tembo humenya magome na upepo huangusha miti mikubwa bila msumeno wowote. Asiyepima mabadiliko hayo ya asili atamlaumu mvunaji kwa kosa la tembo, au atamsifu kwa ukuaji ulioletwa na mvua nzuri.

Mpimaji makini hufanya kazi kwa ajili ya atakayekuja baada yake, pengine mtu asiyemjua. Kijiji kinapoomba kuvuna tena, daftari la mpimaji huyo liwekwe mezani kwanza, na idadi ya miti itakayokatwa ifuate kile miti yenyewe ilichoonyesha.