Pakruok si Majigambo: Tatizo la Kuzipa Majina Sanaa za Ziwani

1. Utangulizi

Katika nchi ya Bondo, Siaya na Kisumu, miezi ya vuli, yaani Oktoba hadi Desemba, ndiyo miezi ya mikusanyiko. Shule hufungwa, walio kazini Nairobi na Mombasa hurudi makwao, na harusi, harambee, matanga na ngoma za usiku hufuatana mpaka mwaka uishe. Mfasiri anayekutana na majira ya Ulaya ya kupukutika majani mara nyingi huyapa jina hilo hilo la vuli, ingawa vuli yetu ni ya mvua na ya mbegu kuota. Neno huazimwa, na maana hubaki nyuma.

Makala haya yanakusudia kujadili kosa la namna hiyo katika uhakiki wetu wa fasihi simulizi. Katika mikusanyiko ya Waluo imo sanaa iitwayo pakruok. Walimu na wahakiki wa Kiswahili, nami nikiwa mmoja wao, tumezoea kuitafsiri kwa neno "majigambo". Hoja yangu ni kwamba tafsiri hiyo inapotosha umbo la sanaa hiyo na kuwapa watu wake tabia wasiyokuwa nayo.

2. Pakruok ilivyo

Mahali pake ni penye muziki: nyatiti yenye nyuzi nane, ambayo mpigaji huicharaza huku akigonga mwili wa ala kwa pete ya chuma iliyo kwenye kidole gumba cha mguu, au orutu yenye uzi mmoja, au ngoma za ohangla, na siku hizi bendi za benga. Muziki ukiwa umekolea, mtu mmoja, mwanamume au mwanamke, husogea mbele, hutoa fedha na kuusimamisha. Kimya kinapoingia, husema maneno yake. Akimaliza, muziki huendelea, na fundi huweza kuyachukua majina aliyoyasikia na kuyatia katika wimbo. Punde mwingine husogea, husimamisha muziki tena, na kumjibu yule wa kwanza.

Ama maneno yenyewe, msemaji hujitaja kwa kuwataja wengine. Tubuni mfano: "Mimi ni rafiki wa yule ambaye boma lake halina mlango, ndugu wa binti aliyevuka mto ukiwa umefurika, mjukuu wa bibi ambaye chungu chake hakikauki." Katika maneno hayo hakuna tendo hata moja la msemaji mwenyewe. Rafiki, dada na bibi ndio waliosifiwa. Yeye amesimama katikati yao kama nguzo inayoonekana kwa sababu ya paa.

3. Majigambo katika uhakiki wa Kiswahili

Mwaka 1989 M. M. Mulokozi alichapisha katika jarida la Mulika makala yake kuhusu tanzu za fasihi simulizi. Kazi hiyo ilitupatia ramani: mazungumzo, masimulizi, maigizo, ushairi, semi na ngomezi. Uhakiki uliofuata, pamoja na vitabu vya shule, umezitenga tungo za sifa katika mafungu mawili. Kuna tondozi, ambamo mtunzi humsifu mtu au kitu kingine. Na kuna vivugo au majigambo, ambamo mtunzi hujisifu mwenyewe. Mwanafunzi wa sekondari nchini Kenya hufundishwa kwamba majigambo husemwa katika nafsi ya kwanza, kwamba kwa kawaida mtunzi ni mwanamume, na kwamba maudhui yake ni ushujaa wa mtunzi.

Tukiipima pakruok kwa vipimo hivyo, tunaona mara moja kwamba haitoshei. Nafsi ya kwanza imo, lakini ushujaa ni wa watu wengine. Wanawake husema sawasawa na wanaume. Tena utungo haukamiliki kwa msemaji mmoja: unahitaji fundi akubali kunyamaza, hadhira ishangilie, na mpinzani ajibu. Wala si tondozi, kwa kuwa yule anayesifiwa hasifiwi kwa ajili yake tu. Sifa zake zinarudi kwa aliyemtaja. Kwa hiyo pakruok imesimama pale pale mpaka wa mafungu yetu mawili ulipochorwa. Kitu kikikosa fungu, mhakiki hana budi kuuchunguza mpaka kabla ya kukilaumu kitu.

4. Ushahidi wa sarufi

Lugha yenyewe inatupa ushahidi. Mzizi wa neno hili katika Kidholuo ni pak, kusifu. Kiambishi tamati -ruok huunda nomino kutokana na kitenzi kilichorudishwa kwa mtendaji. Lakini urejeshi huo wa Kidholuo una nyuso mbili: umbo moja hubeba maana ya kujitenda na maana ya kutendana. Herruok, kutokana na mzizi wenye maana ya kupenda, ni upendo wa watu wanaopendana. Vivyo hivyo pakruok ni kujisifu na kusifiana kwa wakati mmoja.

Kiswahili kimeyatenga mambo haya mawili. Kiambishi awali -ji- hutupa kujisifu. Kiambishi tamati -an- hutupa kusifiana. Wala msemaji hawezi kukwepa kuchagua. Mfasiri anapoandika "majigambo" amekwisha kuchagua nusu ya kwanza na kuitupa ya pili. Tena amechagua neno lenye lawama ndani yake, maana katika mazungumzo ya kila siku kujigamba ni jirani wa kujivuna, na methali yetu husema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Msomaji wa Lamu au Unguja asomaye kwamba Waluo wana sanaa ya kujigamba ngomani atawahukumu kabla ya kuwasikia.

Nasema haya kwa kuwa nilipata kulitenda kosa hilo mwenyewe. Nikiwa ng'ambo nikisomea shahada ya uzamili, niliwasilisha mbele ya semina tafsiri ya pakruok kadhaa chini ya kichwa "Majigambo ya Waluo". Wenzangu walijadili kwa saa nzima majivuno ya wanaume wa ziwani, nami nikaitikia. Niliporudi nilimsomea tafsiri ile mzee mmoja mpiga nyatiti, si mbali na Bondo. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza: "Mwanangu, na watu wake umewaacha wapi?"

5. Jukwaa na ukimya

Tafsiri mbaya ya neno huzaa tafsiri mbaya ya tendo. Katika mashindano ya muziki ya shule na vyuo kila kundi hupewa dakika zake na kuhukumiwa kwa alama. Kijana hupanda jukwaani na pakruok aliyoikariri, huisema yote kwa mkupuo mmoja, na kushuka. Hakuna aliyelipa ili asikike, wala hakuna awezaye kusimama katikati ya hadhira kumjibu. Kilichobaki ni majigambo kwelikweli: mtu mmoja ajisifuye mbele ya watu waliolazimika kunyamaza. Hivyo jina tulilolipachika kimakosa limeifinyanga sanaa hata ikafanana nalo.

Hapa inafaa tumkumbuke Okot p'Bitek. Baada ya kuondoka Uganda alifanya kazi ya elimu ya watu wazima mjini Kisumu, na mwaka 1968 aliandaa huko tamasha la sanaa. Yeye Mwacholi, ambaye lugha yake ni ndugu wa Kidholuo, alishikilia katika maandishi yake kwamba utamaduni ni falsafa inayoishiwa na kusherehekewa na watu, si bidhaa ya kuwekwa mbele ya watazamaji. Sisemi tamasha lisifanyike. Yeye mwenyewe aliliandaa. Ninalosema ni kwamba tamasha lisiloacha nafasi ya kukatizwa haliwezi kuikaribisha pakruok, kwa sababu kukatiza ndiko umbo lake.

6. Bondo, Oktoba 2025

Raila Odinga alifariki tarehe 15 Oktoba 2025. Tarehe 18 mwili wake uliagwa katika uwanja wa Mamboleo mjini Kisumu, na tarehe 19 akazikwa Kang'o ka Jaramogi, Bondo, alikozikwa baba yake, Jaramogi Oginga Odinga, mwaka 1994. Majina ya sifa yaliyomfuata maisha yake yote yaliandamana naye hadi huko. Agwambo, mtu wa mafumbo, na Jakom, mwenyekiti, ni ya Kidholuo. Baba ni la Kiswahili, na nchi nzima ililitumia. Na limo jingine, Owad gi Akinyi, ndugu yake Akinyi.

Jina hili la mwisho ndilo linalotufaa zaidi. Kiongozi aliyewahi kuwa Waziri Mkuu, mwenye vyeo vya kutosha kujaza ukurasa, anasifiwa kwa kuwa na dada! Kwa kipimo cha majigambo jina hilo halina maana, kwa kuwa halina ushujaa. Kwa kipimo cha pakruok linaeleweka mara moja: ukubwa wa mtu ni watu alio nao. Hata "Baba", japo ni neno letu wenyewe, lilitumika kwa mantiki hiyo hiyo, maana hakuna baba pasipo wana, na kila aliyelitamka alijitaja kuwa mwana. Basi Kiswahili kinaweza kulibeba wazo hili. Tatizo limo katika istilahi zetu, si katika lugha.

7. Hitimisho

Tufanyeje basi? "Masifiano" lingeiokoa nusu ya pili lakini lingeipoteza ya kwanza. Napendekeza tulipokee neno lenyewe, na kwa ajili ya matamshi tuliandike "pakruo", wingi wake uwe huo huo, katika ngeli ya i-/zi-. Wapo watakaosema kwamba tutakuwa tumeingiza neno la kabila katika istilahi za taifa. Nawajibu kwamba kivugo nacho kina undugu na ekyebugo ya Wahaya, watu wa ng'ambo ya magharibi ya ziwa hili hili, na hakuna aliyelalamika. Kilichokubaliwa kutoka Bukoba hakina sababu ya kukataliwa kutoka Bondo.

Wakati huo huo, mwalimu atakayefika ngomani vuli ijayo na daftari lake asiandike maneno ya msemaji peke yake. Na aandike ni nani aliyetajwa, ni nani aliyejibu, na muziki ulisimama mara ngapi.