Afisa Vipimo na Penseli Yake

Jioni, ofisi ikishatulia, afisa vipimo anatandaza karatasi na kuandika vituo vya mafuta atakavyokagua kesho, barabara ya Morogoro, kutoka Magomeni hadi Kimara. Mbele ya kila jina anaandika idadi ya nozeli, kwa sababu muda wake huliwa na nozeli. Kituo kimoja chenye nozeli 12 kinaweza kumaliza asubuhi nzima. Viwili vidogo vikaisha kabla ya chai ya saa nne.

Dakika anazipanga kwa kuipitia kazi yenyewe kichwani. Kipimo cha chuma cha lita 20 huloweshwa kwanza: hujazwa, humwagwa, huachwa kichuruzike. Kikitumika kikavu, mafuta yanayoganda kwenye kuta zake yataonekana kama upungufu wa pampu, na mwenye kituo ataonewa. Kisha husimamishwa sawa kwa pimamaji, hujazwa pampu ikienda kasi, husomwa shingoni, humwagwa. Halafu tena kwa mwendo wa polepole. Dizeli hutoa povu, na povu halina haraka, kwa hiyo nozeli ya dizeli huongezewa dakika.

Petroli anaiweka asubuhi kadiri awezavyo. Joto likipanda nyuzi moja, lita 20 za petroli hutanuka takriban mililita 20, na jua la saa saba halimsubiri mtu asome mstari.

Njia nayo ina hesabu yake. Anakwenda na vituo vya mkono wa kushoto, anarudi na vya upande wa pili, maana njia za mwendokasi katikati haziruhusu kukatiza hovyo. Lakini kituo kilichowahi kukutwa na lakiri iliyokatika anakitanguliza, hata kama kinamzungusha, kabla wahudumu hawajapigiana simu.

Ninachomstahia zaidi ni nafasi tupu anazoziacha. Lori likiwa linashusha mafuta, hapimi. Atangoja, na kungoja huko tayari kumeandikwa.

Mwisho anajumlisha dakika. Zimezidi. Angeweza kuzibana, apunguze muda wa kuchuruzika hapa, asome upesi pale. Anachukua kifutio. Kituo cha nozeli 8 karibu na Ubungo kinahamia Alhamisi, saa mbili asubuhi, na pembeni anaandika: dizeli 4.