Aristotle Hakuwa Raia

Nimesoma kitabu cha Aristotle kiitwacho Siasa mara mbili. Mara ya kwanza nilikuwa najiandaa kwa mtihani, na nikaandika kwamba Athens ya kale ilitawaliwa na watu wote. Nilipewa alama.

Mara ya pili nilisoma kwa hiari. Katika kitabu cha tatu anasema raia ni yule mwenye sehemu katika kuhukumu na katika madaraka. Hilo nililikariri zamani. Ila kabla yake kuna jambo lililonipita: kuishi mahali hakumfanyi mtu awe raia, kwa kuwa hata wageni wakaazi na watumwa wanaishi hapo hapo.

Nikaweka kitabu chini. Aliyeandika hayo alikuwa mgeni mkaazi.

Alizaliwa Stagira mwaka 384 KK, akaja Athens akiwa na miaka 17 hivi. Kwa vipindi viwili aliishi huko zaidi ya miaka 30, akafundisha na kufungua shule. Lakini tangu sheria ya Pericles ya mwaka 451 KK, raia alitakiwa kuwa na baba na mama wa Athens. Mgeni mwanamume alilipa kodi ya drakma 12 kwa mwaka, hakumiliki ardhi bila idhini maalumu, wala hakupiga kura kwenye mkutano wa raia pale Pnyx. Alexander alipofariki mwaka 323 KK na chuki dhidi ya Wamakedonia ikapanda, Aristotle aliondoka. Akafa Chalcis mwaka uliofuata.

Basi mtu huyu aliujua ukuta kwa kuugusa. Aliueleza vizuri kuliko wengi, kisha hakuuliza kwa nini umejengwa. Hapo ndipo ninapomlaumu.

Watetezi wake husema alikuwa mtu wa zama zake. Utetezi huo haunitoshi, na ushahidi umo kitabuni mwake. Katika kitabu cha kwanza, kabla ya kumwita mtumwa chombo chenye uhai, anakiri kwamba wapo wanaosema utumwa ni kinyume cha maumbile, ni sheria ya wanadamu tu, tena ya mabavu. Hoja ilikuwa mezani pake, katika zama zake hizo hizo. Akaisoma, akaipinga.

Halafu kuna wosia wake, uliohifadhiwa na Diogenes Laertius. Ndani yake anaagiza baadhi ya watumwa wake waachwe huru, na vijana waliomhudumia wasiuzwe.

Sisemi kitabu kitupwe. Nakisoma bado, na sijui kingine kinachoonyesha miji ya Wagiriki kwa undani huo. Ila leo nikiulizwa nani walitawala Athens, nitaanza kwa kuwataja waliobaki nje: wanawake, watumwa, wageni, na mwalimu mmoja kutoka Stagira.