Kipoyi si ngoma tu: neno letu juu ya mila ya kubebana mlimani



Kitabu hiki kidogo kimekusudiwa kuhifadhi mila zetu, na mwenye kuhifadhi anapenda kusifu. Nasi tumesifu mengi. Safari hii tunaomba ruhusa ya kukosoa, tena kukosoa jambo tunalolipenda: namna sisi watu wa Uvira tunavyosimulia maisha ya vijiji vya juu, toka Rurambo na Lemera paka Bijombo na Minembwe, na hasa namna tunavyoonyesha kipoyi.

Kipoyi kila mtu huku kwetu anakijua. Ni miti miwili mirefu, blanketi au kitanda cha kamba katikati, mgonjwa ndani, na mabega ya wanaume chini yake. Ndugu zetu wa Tanzania wanakiita machela. Pale ambapo gari haliwezi kufika na pikipiki inashindwa matope, kipoyi njo ambulansi.

1. Mchezo tulioutazama

Jioni moja ya utamaduni hapa mjini, kikundi cha vijana kilicheza mchezo juu ya kijiji cha mlimani. Ngoma zililia, vijana wanne wakaingia na kipoyi, wakazunguka jukwaa mara tatu huku wakicheza kwa hatua moja. Ndani alilala msichana aliyejifunika kitambaa. Walipofika mbele ya daktari mwenye koti jeupe, msichana akaamka, akacheka, naye akaanza kucheza. Mwisho mmoja wao akatangaza kwamba umoja ni nguvu na kwamba mlimani hakuna mtu anayeachwa peke yake. Watu walipiga makofi, na siye pia tulipiga.

Nyuma yetu alikaa mama mmoja mwenye umri, aliyeteremka toka juu miaka michache iliyopita. Yeye hakupiga makofi. Alisema tu, si kwa sauti kubwa: "Huyu mugonjwa anaamuka mbio sana. Wa kwetu hakuamuka." Kisha akauliza: "Na sisi banamuke tuko wapi humu?"

Hayo maneno mawili ndiyo yaliyotufanya tuandike. Vijana wale walicheza vizuri, hatuwalaumu kwa hatua zao. Lakini mama yule alikuwa mkosoaji bora kuliko siye sote tuliokaa viti vya mbele.

2. Mambo yaliyoachwa nje

Kwanza ni umbali. Ziwa letu liko karibu mita 770 juu ya usawa wa bahari. Nyanda za juu zinapita mita 2,000, na mlima Mohi, kule Itombwe, unapita mita 3,400. Kwa hiyo mtu anayeletwa Uvira toka Bijombo anateremshwa zaidi ya mita 1,000, kwa njia ya miguu, na safari inaweza kula siku nzima na kupita. Mahali pengine njia inateremka mtoni halafu inapanda tena. Kwenye mteremko mgonjwa anainamishwa kichwa chini kama wabebaji hawajui kazi. Wenye kujua wanamgeuza. Mvua ikinyesha, utelezi unaamua mwendo, si ngoma.

Pili ni hesabu ya mabega. Wanaume wanne hawafikishi mgonjwa. Wanne wanabeba, wengine wanne wanafuata wakingoja kupokea, na wengine nyuma yao. Ukiongeza mwenye kushika taa na mwenye kutangulia kuangalia njia, ni kundi zima la wanaume walioacha shamba au ng'ombe kwa siku mbili, tatu, kwenda na kurudi. Kama ni wakati wa kupanda maharagi au viazi, siku hizo zina bei yake, na bei hiyo inalipwa na nyumba zao miezi ya baadaye.

Tatu ni akina mama. Swali la yule mama lilikuwa la haki. Nyuma ya kila kipoyi wanatembea wanawake: mmoja na sufuria na unga, mmoja na nguo za mgonjwa, mmoja na mtoto mchanga mgongoni ambaye mama yake ndiye anayebebwa. Lopitali zetu nyingi hazipiki chakula cha mgonjwa. Anayepika ni ndugu, uani, kwa makala aliyonunua au kuni aliyokuja nayo. Mlinzi wa mgonjwa anakaa kama mgonjwa anavyokaa. Katika mchezo ule hakuwamo hata mwanamke mmoja aliyebeba kitu, wakati mlimani ni nadra kumwona mwanamke asiyebeba kitu.

Nne ni feza. Kipoyi hakilipishwi, lakini mwisho wa safari yake kuna mlango wenye kulipishwa. Jamaa wanauza mbuzi au ng'ombe kabla ya kuondoka, au wanakopa wakiwa njiani. Tunawajua watu waliopona wakabaki kitandani wiki kadhaa kwa sababu hesabu haijamalizika. Wabebaji wao walikuwa wamekwisha kurudi zamani.

Tano, ambalo hakuna anayependa kulicheza jukwaani: kipoyi kinarudi. Wengine wanafia njiani, na wale wale waliombeba mtu wakiwa na tumaini wanageuka na kupandisha maiti mlima ule ule.

3. Neno lilikotoka

Wapo wanaosema kipoyi ni mila ya mababu. Tuseme ukweli wote. Kubebana ni mila ya mababu. Katika Kirundi na Kinyarwanda, chombo cha kubebea mgonjwa kinaitwa ingobyi, na neno hilo hilo ndilo la ngozi au nguo ya kumbebea mtoto mgongoni. Msomaji atasikia jinsi linavyofanana na neno letu ngozi. Mwenye kubebwa mgonjwa amerudishwa, kwa jina, katika mgongo wa mama yake. Hakuna mtu aliyetufundisha hilo toka nje.

Lakini jina kipoyi lina historia nyingine pia. Kwa Wazungu wa wakati wa Congo ya Wabelgiji, tipoye ilikuwa kiti au kitanda cha kumbebea mkubwa asiye mgonjwa: mtawala, afisa, wakati mwingine misionari. Mabega yalikuwa yetu na wala hayakuombwa. Kabla yao misafara ilikwisha kupita. Burton na Speke walifika Uvira mwezi wa 4 mwaka 1858, na Burton, aliyekuwa mgonjwa sana katika safari yake, alibebwa sehemu ya njia. Katika vita vya 1914-1918, jeshi la Force Publique lilipovuka mipaka ya mashariki paka likaingia Tabora mwezi wa 9 mwaka 1916, wabebaji waliotumikishwa walipita laki mbili, na wengi wao hawakurudi kwao.

Kwa hiyo ndani ya neno moja kuna mambo mawili: kazi ya kulazimishwa na kazi ya huruma. Wazee wetu walichukua chombo cha kubebea bwana, wakalaza ndani yake mwanamke mwenye uchungu wa kuzaa. Hilo, kwa maoni yetu, ndilo jambo kubwa kuliko yote katika historia ya kipoyi, na ndilo hatujaona hata mara moja likichezwa. Tunacheza tabasamu ya mwisho, tunaacha mabadiliko yenyewe.

4. Kipoyi kinafika wapi?

Mila ya kubeba haina maana kama hakuna pa kupeleka. Watu wa upande wa kaskazini wamezoea kuelekea Lemera. Daktari Denis Mukwege, aliyeanza kazi katika lopitali ile mwaka 1983, ameeleza kwamba alitaka kuwa daktari wa watoto. Kuwaona akina mama wanaoletwa toka milimani wakiwa wamekwisha kuchelewa, wengine na mtoto amekwisha kufa tumboni, ndiko kulikomgeuza akaenda Angers, Ufaransa, kusomea mambo ya uzazi. Dunia ilimpa Tuzo ya Nobel mwaka 2018 kwa kazi aliyoifanya Panzi. Sisi wa huku tukumbuke kwamba njia yake ya uzazi ilianza na akina mama walioletwa kwa miguu na kwa mabega.

Mwezi wa 10 mwaka 1996 lopitali hiyo hiyo ilishambuliwa, wagonjwa na wauguzi wakauawa. Watu waliobebwa paka mahali pa kuponea waliuawa palepale. Tangu hapo mtu wa mlimani akifunga kipoyi anajiuliza maswali mawili: je, tutafika? Na tukifika, tutakuta nini?

Halafu kuna njia yenyewe. Njia ya kipoyi inapita kwa watu wengine. Wazee tuliozungumza nao, wa makabila mbalimbali, wanasimulia kwamba zamani kundi lenye mgonjwa likifika kijiji cha watu, vijana wa pale walitoka wakapokea mabega paka mpakani mwao, bila kuuliza mgonjwa ni Mufuliiru, Munyindu, Muvira, Mubembe ao Munyamulenge. Hatusemi ilikuwa hivyo siku zote na kila mahali. Lakini mapigano yalipopamba moto juu huko mwaka 2019, vijiji vikachomwa, ng'ombe wakanyang'anywa, na watu wa kila upande wakakimbia. Mahali jirani anapoogopwa, kipoyi kinazunguka mbali au hakitoki kabisa. Mchezo unaosema "mlimani hakuna anayeachwa" unawasahau hao walioachwa kwa sababu njia ilikuwa ya adui.

5. Jibu la wenzetu

Tulipolizungumza jambo hili katika kikao cha chama, muzee mmoja alitupinga. Alisema: "Kukosa barabara ni kosa la serikali, si kosa la mila. Munataka tuone haya kwa kitu kizuri tulicho nacho?" Hoja yake ni nzito, na tunaikubali nusu. Hatutaki mtu aone haya. Kijiji kinachoamka usiku wa manane kumbeba jirani kina heshima ambayo miji mingi imeipoteza, na Uvira yetu pia.

Nusu tunayoikataa ni hii: sifa zetu zinafanya kazi ambayo hatukuzituma. Mkubwa anakaa mbele, anatazama kipoyi kikichezwa, anapiga makofi, anasema "hawa watu wanajua kujitegemea", anakwenda. Tumekwisha kusikia wimbo huo kwa Kifungu cha 15 na kwa salongo ya Jumamosi. Watu walisifiwa kwa kujitafutia paka ikawa hakuna aliyeona sababu ya kuwatafutia kitu. Mila ya kubebana ni jibu la watu kwa shida. Tukiionyesha bila shida yenyewe, tunaonyesha jibu ambalo halina swali.

Na mila inaweza kuendelea mbele bila kufa. Katika milima ya Kigezi, kule Uganda, vyama vya kubeba wagonjwa vinaitwa engozi, ndugu wa lile neno ingobyi. Wanachama walikuwa wamezoea zamu, mchango na sheria za pamoja. Mwaka 1996 lopitali ya Kisiizi ilipoanzisha mfuko wa kulipia matibabu kabla ya ugonjwa, ilijenga juu ya vyama hivyo: kikundi kilichobeba pamoja kikachanga pamoja. Kipoyi hakikutupwa, kiliongezewa mkono wa pili. Huku kwetu tuna likilimba, tuna vyama vya makanisa, tuna zamu za wabebaji. Kuviunganisha kungekuwa kazi ya utamaduni pia, ingawa hakuna ngoma yake.

6. Tunachoomba

Kwa vijana wa kikundi kile, na kwa wote wanaoandika juu ya mlima katika vitabu kama hiki, tunaomba mambo machache. Wanawake waingie jukwaani na mizigo yao. Wabebaji wapokezane, ili watazamaji wahesabu ni wangapi. Pawe na kijiji cha watu wengine njiani, na watazamaji wangoje kuona kama kitapokea mabega ao kitafunga milango. Na mgonjwa asiamke mbio.

Maji tunayokunywa mjini yanatoka Mulongwe, nao Mulongwe unatoka huko juu. Mwezi wa 4 mwaka 2020 mto huo ulishuka kwa hasira, ukabomoa nyumba na kuua watu wetu. Ndipo wengi wa hapa chini walipouliza kwa mara ya kwanza mlimani kuna nini. Tusingoje mto utuulize tena. Maharagi, maziwa, mbao na makala vinateremka kila siku kwa migongo ya watu, na chumvi, sabuni na ndagala vinapanda kwa migongo ile ile.

Yule mama tulimtafuta baada ya sherehe. Kikundi kimemwomba awafundishe kufunga miti. Amekubali kwa sharti moja: kwamba yeye mwenyewe atatembea nyuma ya kipoyi, na sufuria kichwani, paka mwisho wa mchezo.